Utumbo Wangu na Makopo ya Mlonge

Kwenye benchi la kliniki ya tumbo kuna uongo mmoja unaosemwa na karibu kila mtu, nami niliusema kwa ufasaha wa mtu aliyesoma chuo kikuu. Jirani anakuuliza, "Na wewe mwenzangu, unasumbuliwa na nini?" Unamjibu, "Mgongo." Anatikisa kichwa kwa huruma. "Hata mimi, mgongo." Baada ya muda wagonjwa wawili wa mgongo wanainuka kwa kupokezana na kukimbilia chooni.

Haya ninamwandikia mtu wa benchi hilo. Ukishatoka chooni, kaa, vuta pumzi, usome. Sitakueleza utumbo unavyofanya kazi, kwa kuwa nilipojaribu kumweleza mke wangu aliniuliza kama nimekumbuka kufunga bomba. Nitakueleza yaliyonipata mimi, na hasa jinsi nilivyomshuku kila aliyenikaribia na kikombe mkononi.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu hapa Shinyanga mjini. Pembeni huandika makala za magazetini, na nyingi kati ya hizo zinawashauri wananchi waache imani za kishirikina. Naomba uliweke hilo akilini, maana mbele litaniumbua.

Ugonjwa ulianza msimu wa kununua pamba, wakati barabara zote za huku zina vumbi na nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye miba. Nilikuwa nimetoka Ushirombo, kwa wakwe zangu, kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa shemeji. Tulikula, tukanywa, tukacheza. Wiki ileile tumbo likaanza kuuma, kisha likaanza kuendesha, kisha nikaona damu. Kwenye zahanati wakasema amiba. Huku kwetu amiba ni kama mjumbe wa nyumba kumi, kila jambo linaanzia kwake. Nikatibiwa amiba. Baadaye wakasema taifodi, nikatibiwa taifodi. Wote wawili walitibiwa vizuri sana na damu ikaendelea.

Mwili ukapungua. Mkanda uliokuwa ukinibana ukaanza kuhitaji matundu mapya, nami nikawa nayatoboa kwa msumari uliopashwa moto, nikijifanya ninatengeneza kitu kingine. Darasani nilijifunza kufundisha karibu na mlango. Wanafunzi walidhani ni mbinu mpya ya ufundishaji, na mmoja aliiandika kwenye mtihani.

Mke wangu, Mama Neema, anaamini rozari na maabara, kwa mpangilio huo. Alisali, kisha akanikamata mkono akanipeleka Mwanza kwenye kipimo cha kamera. Kuhusu kipimo chenyewe nitasema tu kwamba hakiumi kama unavyodhani. Kazi ni siku ya kabla yake, pale unapokunywa ile dawa ya kusafisha tumbo kwenye nyumba ya wageni yenye choo kimoja na wageni wengi. Mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Chato alikuwa na haraka zake kila nilipokuwa ndani. Mara ya mwisho hakugonga tena. Alisema tu nje ya mlango, kwa sauti ya upole, "Kaka, nakuachia. Mimi nitavuka kwa jirani." Sijui jina lake. Mungu amweke.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Nilimshuku kwa umri wake, kwa sababu alifanana na wanafunzi wangu wanaofeli. Akanionyesha picha za ndani yangu, nyekundu na zenye vidonda, akasema utumbo mpana unashambuliwa na mwili wenyewe, na kwamba kwa nini hasa, hajui.

"Hujui?"

"Sijui, Mwalimu. Hakuna anayejua kwa uhakika."

Nilitoka nimeudhika. Nimetoka Shinyanga nikanywa ndoo nzima ya maji ya chumvi, na nimeambiwa sijui. Lakini jambo alilolijua alilisema wazi. Nitameza vidonge vya kutuliza. Kama hadi mvua zitakapoisha hali haijatulia, tutaonana na wapasuaji, utumbo mpana utatolewa, na choo kitapitia tumboni kwenye mfuko. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Kuanzia hapo nilikuwa nazitazama mvua kama mkulima, ila mimi sikutaka ziishe.

Sasa nikuletee mama yangu. Tunamwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Anaishi Mwakitolyo. Zamani palikuwa mashamba ya mpunga na ng'ombe, siku hizi kuna mashimo ya dhahabu, na baada ya baba kufariki Mayu alijenga vyumba akawapangisha wachimbaji. Uani kwake ua ni wa milonge iliyopandwa kwa mstari, na majani ya milonge hiyo ametulisha tangu tukiwa wadogo, kwenye mlenda, kwenye uji, na kwenye kila kitu kisichoweza kukataa.

Mayu aliposikia habari za kamera aliuliza jambo moja tu. "Ulianza kuumwa ulipotoka wapi?"

Nikakosea, nikamwambia ukweli. "Ushirombo."

Simu ikanyamaza. Kimya kile nilikijua. Kilikuwa kimya cha mtu anayehesabu wakwe.

Baada ya hapo kopo la kwanza likaja kwa gari la abiria. Kopo la maziwa ya unga, ndani yake mlonge uliokaushwa kivulini na kutwangwa. Juu ya unga ule wa kijani palikuwa na kishimo kidogo, alama ya vidole vilivyochota. Nilikitambua mara moja. Huku kwetu anayekuletea kinywaji au dawa huanza yeye. Mwenye pombe hupiga funda la kwanza mbele yako, ndipo akupe kibuyu. Hakuna anayesema ni kwa nini, ila kila mtu anajua ni kwa nini. Mayu hufanya hivyo hata kwa chai. Kwa kuwa hakuweza kuonja mbele yangu, alionja kwake na kuniachia alama.

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni," akasema kwenye simu. "Na hivyo vidonge vya Mwanza uvitupe."

Upande wa pili Mama Neema naye alisimama na glasi ya maji akihakikisha nameza vidonge. "Unga wa mama kula, ukitaka," akasema. "Lakini kidonge kwanza, na ufungue mdomo nione."

Nikawa nakula vyote viwili na kuvishuku vyote viwili.

Nikafanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya wakiogopa, nikasoma. Nikakuta kwamba wataalamu wamekuwa wakichunguza majani kama yale, kwamba yana vitu vinavyoweza kuzilinda seli za utumbo zisiharibiwe na namna fulani ya kutu inayozaliwa mwilini, mwili unapotumia hewa yake yenyewe. Nikafurahi kwa muda mfupi. Kisha nikakutana na kijana pale stendi ya Kahama, amevaa tai, anauza makopo yenye unga uleule na maneno yaleyale, na kwenye kopo kuna picha ya utumbo unaotabasamu. Nilinunua moja. Nikalishuku, nikaliweka juu ya friji, na kwa miezi kadhaa utumbo ule ukawa unanitabasamia kila nikichukua maji.

Nilipokwenda kliniki nikamuuliza daktari. "Mambo haya ya mlonge na seli za utumbo ni kweli?"

"Ni kweli kwenye sahani," akasema.

"Kwenye sahani?"

"Seli zinafugwa kwenye sahani maabara. Wanaziwekea sumu, wanaziwekea na maji ya majani, baadhi zinapona. Na kwenye panya pia. Wewe si sahani, Mwalimu."

"Wala panya."

"Hilo bado nalichunguza." Akacheka, kisha akawa makini. "Mboga kula. Sijui kama zitakusaidia, ila ni mboga. Vidonge usiache. Na usichanganye kitu usichojua kilikotoka."

Kilikotoka nilikujua. Nilikuwa nimekua chini ya milonge ile. Kwa hiyo onyo hilo nililiona halinihusu.

Vidonge vile vilifanya kazi, na vilinifanya kituko. Damu ikapungua. Uso ukavimba ukawa mviringo, mashavu yakang'aa, shingo ikapotea. Mtu aliyekonda kama mwiko akawa na kichwa cha tajiri. Pale chuoni wenzangu wakaanza. "Mwalimu, umenawiri! Duara limetema nini?" Duara ni shimo la mchimbaji, na likitema maana yake limetoa dhahabu. Nikawa nacheka nao huku nikiwa nimebana tumbo. Mhazini wa harambee ya kanisa alinifuata nyumbani akasema wameniandika kwenye kundi la wenye uwezo.

Mayu alipoiona picha yangu iliyotumwa kwa simu ya mpangaji wake alilia. "Wamekuvimbisha," akasema. "Hivyo ndivyo wanavyofanya kabla ya kukumaliza." Hakusema ni akina nani.

Mama Neema alikuwa anasikiliza. Alikata vitunguu kwa nguvu zaidi kuliko vitunguu vinavyohitaji. "Mwambie mama," akasema, "kwamba watu wa Ushirombo wakitaka kumuua mtu hawamnenepeshi. Ni kupoteza chakula."

Nilicheka peke yangu. Siku zile mke wangu alichoka, na mimi nilikuwa nauona uchovu wake kama ushahidi. Akichelewa kurudi nilijiuliza yuko wapi. Akiwahi nilijiuliza kwa nini amewahi. Ndugu yangu, ugonjwa wa tumbo unakuweka ndani muda mrefu, karibu na watu wanaokupenda, bila jambo la kufanya isipokuwa kuwachunguza.

Kisha, katikati ya mvua, mahindi yakiwa yamefika magotini, damu ikarudi. Ikarudi na maumivu mapya, ya kusokota, na ladha ya ajabu mdomoni kama nimelamba funguo. Daktari akaongeza vidonge, akatazama kalenda ukutani. Nami nikaitazama. Siku ile nilitoka kwenye chumba chake nikashindwa kufika choo cha wagonjwa. Mama mmoja mfanya usafi alikuwa amesimama na ndoo yake. Alinitazama, akatoa funguo mfukoni, akafungua choo cha watumishi.

"Huo mgongo wako ukizidi," akasema, "njoo huku huku, baba."

Hadi leo ninapofikiria huruma, ninaona ndoo ile.

Niliporudi nyumbani nilianza upelelezi. Nilichunguza tarehe za vidonge. Nilimuuliza Mama Neema kama amebadili mafuta ya kupikia, kwa sauti ambayo ilimfanya aweke mwiko chini na kwenda kukaa nje. Kisha nikafika kwenye kopo. Lilikuwa kopo la msimu ule, na unga wake, nilikumbuka sasa, ulikuwa unakwaruza meno. Nilidhani ni mchanga wa uani. Nikachota kijiko nikakikoroga kwenye glasi ya maji, nikaiweka dirishani, nikaenda kusahihisha madaftari.

Niliporudi majani yalikuwa yameelea na mengine yamezama, na chini kabisa palikuwa na mstari wa tope la kijivu. Nikaiinua glasi kwenye jua. Tope likametameta.

Mimi, mwandishi wa makala dhidi ya ushirikina, nilijua papo hapo ni nini. Ni dawa ya mganga. Mayu amekwenda kwa mganga, amepewa majivu ya kuvunja husda ya Ushirombo, ameyachanganya kwenye mlonge, na yananikata utumbo. Nikamwita Mama Neema aje aone. Aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema, "Nenda kamuulize. Usimuulize kwa simu. Mama yako akidanganya kwenye simu humwezi."

Nilikwenda Mwakitolyo siku ya Jumamosi, nikiwa sijala kitu ili nisisumbue safari. Kondakta niliyemnong'oneza hali yangu alisimamisha gari mara mbili karibu na Solwa akiwaambia abiria kwamba anakagua tairi. Alikagua kwa uaminifu, akilipiga teke, hadi niliporudi.

Mayu alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua majani. Nikamsalimu kama anavyotaka, kwa Kisukuma kwanza.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone." Mwanangu. Akainuka akanishika mashavu yote mawili, akayabonyeza kama mtu anayepima papai. "Yaani hata sura ya baba yako wameifuta."

Kwenye kivuli cha vyumba alikuwa amelala mpangaji wake, Shija, mchimbaji mwenye domo, aliyekuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kope. "Shikamoo, Mwalimu!" akaita bila kuinuka. "Karibu. Naona mwenzetu umepiga mgodi kimyakimya."

"Marahaba, Shija."

Mayu akaniletea kikombe cha uji wa mlonge. Akapiga funda lake kwanza, akafuta ukingo kwa kiganja, akaninyooshea. Sikukipokea.

Huku kwetu jambo hilo halifanyiki. Mtu ameonja mbele yako, ni mama yako, nawe unaacha mkono wake hewani. Hata Shija aliinua kichwa.

"Mayu," nikasema, "kwenye unga unachanganya nini?"

"Mlonge."

"Na nini?"

"Na mlonge." Mkono wake ulikuwa bado umenyooka na kikombe. "Unauliza nini hasa? Uliza."

"Umekwenda kwa mganga?"

Alikiweka kikombe chini polepole. Nilisubiri hasira, maana hasira yake naijua, nimeizoea. Haikuja. Alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi. Nilidhani ni wao, kumbe unaniona ni mimi."

Shija akajaribu kuokoa jahazi. "Mwalimu, Mayu haendi kwa mganga. Mganga mwenyewe anakuja kukopa chumvi hapa."

Mayu akanishika mkono kwa nguvu akaniinua. "Njoo," akasema. "Wewe umesoma. Njoo usome." Akanipeleka nyuma ya nyumba. Akanionyesha mlonge aliochuma, akanionyesha mkeka chini ya kivuli cha paa anapoyakaushia majani, akayapindua ili nione na upande wa chini. Akanionyesha chekecheo. Kila alichonionyesha alikigusa kwa ulimi, mbele ya macho yangu, hata mkeka. Kisha akaniingiza jikoni akanionyesha kinu.

Kilikuwa cha chuma. Kipande cha mtungi mnene wa gesi uliokatwa, kimesimama kwenye kitako chake, na mchi wake ni fimbo ya chuma iliyolika ncha. Ndani, juu ya kijani cha mlonge, kuta zilikuwa na rangi ya kijivu iliyong'aa.

"Mayu, kinu cha mti kiko wapi?"

"Kililiwa na mchwa mvua zilipoanza. Nikakifanya kuni. Hiki alinipa Shija. Ni kigumu, kinatwanga laini." Akakigonga kwa kiganja, kwa fahari. "Nilikiosha kwa sabuni na majivu."

Niligeuka. Shija alikuwa amesimama mlangoni na domo lake lilikuwa limefungwa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Mayu," akasema, "wewe uliniambia unataka kutwanga mahindi ya kuku."

"Niliona utakidai ukijua ni dawa. Watu wakisikia dawa wanataka fungu."

"Mayu, hicho ni cha sampo." Akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye mzee wake. "Tunatwangia mawe, Mwalimu, kupima kama yana kitu. Tunatwanga, tunapepeta kwenye karai, tunatia na zebaki. Mara nyingine tunakorogea humohumo."

Kama umewahi kuishi machimboni hutashangaa. Kinu cha chuma ni kinu. Kila nyumba ina kitu kilichotoka mgodini, karai la kuogea, ndoo ya maji, turubai la kuanikia mihogo. Ni sisi tu tunaoweza kukosea hivi, na tukakosea kwa usafi kabisa, kwa sabuni na majivu. Nilikuwa nimemshuku muuza makopo, daktari, mke, wakwe, mganga ambaye hakuwapo, na mwanamke aliyenizaa. Kinu hakikunijia akilini hata mara moja.

Ndipo nikakumbuka kishimo juu ya unga.

"Mayu, kila kopo ulikuwa unaonja?"

"Ningekupa bila kuonja? Naonja likitoka kwenye chekecheo, naonja likiingia koponi. Na likibaki kidogo nakunywea uji. Si dawa ya kutupa."

"Na tumbo lako?"

"Tumbo la mzee lina nini," akasema, akatazama pembeni. "Linauma kidogo. Na mikono hii inatetemeka, nikashindwa kupitisha uzi kwenye sindano. Nilijua ni wao wa Ushirombo, wamekukosa wewe wamenifuata mimi. Sikutaka kukutia hofu."

Nilikaa chini pale jikoni, kwenye magunia. Nilikuja kumshtaki, na hukumu yangu ikawa kwamba alichokuwa akinipa alikuwa akikila yeye zaidi.

Shija alikibeba kinu kile mwenyewe, akakitoa nje. Mchana wote hakutania tena.

Nilimpeleka Mayu Mwanza. Daktari alituchukua damu sote wawili na kuituma Dar es Salaam. Majibu yalichelewa hadi mpunga ukaanza kuvunwa. Mimi nilikuwa na madini ya sumu mwilini kupita kiasi. Mayu alikuwa nayo zaidi.

"Ni kinu?" nikamuuliza daktari.

"Inawezekana ni kinu. Inawezekana ni vumbi la pale, au maji, au wapangaji wanachomea zebaki jikoni kwake. Yeye anaishi pale."

"Na damu yangu kurudi, ni kwa sababu ya unga?"

"Sijui," akasema. Safari hii sikuudhika. Kati ya watu wote walionihudumia mwaka ule, ni yeye pekee aliyekuwa akisema neno hilo, na nilikuwa nimeanza kumwamini kwa sababu yake.

Tuliacha unga. Vidonge vikaendelea. Mvua zikapungua, kisha zikakatika, nami nikasubiri kuitwa na wapasuaji. Badala yake niliitwa kwenye kamera. Utumbo ulikuwa bado na makovu, lakini umetulia. Daktari alizitazama picha kwa muda mrefu, akaniambia tusubiri, utumbo wako kaa nao. Nilikwenda kulia kwenye choo cha watumishi, ambacho sasa nilikizoea.

Umetulia kwa vidonge, au kwa kuacha unga, au kwa jambo lisilo na jina, sitajua. Mtu wa benchi, ukikutana na anayejua, mshuku kidogo. Na chakula chochote unachopewa kwa upendo, upendo uupokee wote, kisha uulize kimetwangiwa wapi.

Mayu alikataa kuhama Mwakitolyo, lakini wapangaji wakahamisha moto wao na zebaki yao, na Shija ndiye msimamizi mkali wa jambo hilo. Kuhusu kinu, baba mkwe wangu wa Ushirombo alisikia habari kwa Mama Neema, akachonga kipya cha mninga, akakituma. Mayu alikizunguka kwa siku kadhaa bila kukigusa. Mwishowe Mama Neema akaenda Mwakitolyo mwenyewe, akatwanga mlonge ndani ya kinu cha baba yake, akachota kiganjani, akala mbele ya mama mkwe wake bila kupepesa jicho.

"Haya, mama," akasema. "Nisubiri nianguke."

Mayu alimsubiri, naam. Alimpikia na chakula cha mchana wakati akimsubiri. Jioni aliniambia kwenye simu, kwa shingo upande, kwamba kinu si kibaya.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kwenye benchi lile, ila mgonjwa alikuwa ni Mayu. Muuguzi alimpa vidonge vyake vya kwanza na maji kwenye kikombe. Mayu alivitazama, kisha akautazama uso wangu, ambao siku hizi umeanza kurudi kuwa wa baba yangu. Mama aliyeketi jirani akamuuliza anasumbuliwa na nini.

"Tumbo," akajibu kwa sauti kubwa, benchi zima likasikia. "Na mwanangu huyu naye ni tumbo." Kisha akasukuma mkono wa muuguzi. "Sinywi. Hakuna aliyeonja."

"Bibi, hiki ni kidonge, hakionjwi," akasema muuguzi.

Nikachukua kikombe mkononi mwake. Nikapiga funda, taratibu, akiniona. Nikafuta ukingo kwa kiganja, nikamnyooshea.

Mayu hakukipokea mara moja. Alinikazia macho usoni, akisubiri, na benchi zima la wagonjwa wa mgongo likasubiri pamoja naye.

Sikuanguka. Ndipo akapokea kikombe, akameza.